Pigo Moja kwa Mashine ya Goweko

Ukimwambia mtu wa pwani kwamba ulikuwa afisa forodha Tabora, kwanza atakutazama, kisha atakuuliza: bahari iko wapi huko? Nimeulizwa hivyo na mashemeji, na wajomba, hata na baba mkwe siku niliyokwenda kuposa. Nilimjibu kwa hasira kwamba Tabora ndiko inakokutana reli ya Kigoma na ya Mwanza, kwamba mizigo ya ng'ambo ya ziwa hupitia pale, na kwamba forodha hufuata mzigo, haifuati maji. Akasema, "Haya baba, tumekuelewa," kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewa kitu. Binti nilipewa, lakini nadhani kwa huruma.

Sasa nimestaafu, na nyinyi vijana mliobaki bohari mmenitaka niwaandikie habari za kazi yetu ya zamani, hasa ile ya vitu chakavu, kwa kuwa mmesikia kwa wachukuzi kwamba kuna kisa cha mimi na nyundo. Kipo. Afadhali mkisikie kwangu kabla hawajakitia chumvi, ingawa nilivyowasikia wakikisimulia mwaka jana, hawakuhitaji kuongeza hata chembe.

Nilifika Tabora miaka michache baada ya Uhuru. Kaptula nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, soksi za magotini, kofia mpya. Nilishuka kwenye treni nikasimama palepale nikingoja kupokelewa kama mtu mkubwa. Mchukuzi mmoja akanisogelea, akaniamkia kwa lugha yao. "Mwangaluka, bwana! Kabila gani?"

"Mzaramo," nikasema kwa fahari. "Mzaramo wa Kisarawe."

Laiti ningenyamaza! Kofia ilitoka kichwani kabla sijafunga mdomo, ikapita mkono kwa mkono, ikapotelea nyuma ya magunia, na kicheko kikazagaa stesheni nzima. Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakibeba pembe kushuka pwani na kulala kwenye vijiji vya babu zetu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkeo, akavaa kofia yako, akala wali wako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Akifiwa, wewe ndiye unayemchimbia kaburi na kumzikia. Na ukitaka, unalala mle shimoni ukagoma kutoka mpaka wafiwa wakupe unachokitaka. Hayo yote niliyajua tangu utotoni. Ila nilidhani utani unaishia pale sare ya serikali inapoanzia.

Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wetu wa forodha kushitaki. Mkuu alikuwa Mzee Feruzi, mtu wa Ujiji, mwembamba, miwani yake imefungwa sikioni kwa uzi ule tunaofungia lakiri kwenye mizigo. Alinisikiliza kwa adabu kubwa.

"Kofia imechukuliwa na nani?"

"Na mchukuzi, mzee."

"Mnyamwezi?"

"Nadhani, mzee."

"Na wewe?"

"Mzaramo."

Akavua miwani akaifuta. "Sasa nimkamate kwa kosa gani, mwanangu? Kwa kuzaliwa?"

Kofia ilirudi jioni ikiwa imejaa michembe, vile viazi vitamu walivyovikausha. Nilisema mbele za watu kwamba mimi sili vyakula vya wapagazi. Nikavimaliza chumbani peke yangu, maana nilikuwa na njaa.

Kazi niliyopewa ilikuwa ile wenzangu waliyoikimbia: vitu vilivyotumika na vitu chakavu. Kwa wale wageni kwenye kazi, mambo yalikuwa hivi. Kitu kipya kilikuwa na ushuru wake, na siku zile za uhaba wa fedha za kigeni kilihitaji kibali kutoka Dar es Salaam. Kitu ulichokitumia mwenyewe na unahama nacho, kilipita. Kitu kilichoandikwa chakavu nacho kilipita kwa ushuru mdogo, ila kwa sharti: kivunjwe mbele ya afisa na mbele ya mwenye mali, mpaka kisiweze tena kufanya kazi kilichoundwa kuifanya. Maana yake kisiingie nchini kama maiti halafu kikafufukia sokoni.

Sheria ni nyepesi kuisoma. Shida ni watu. Mwezi wangu wa kwanza alikuja bwana mmoja anatoka ng'ambo ya ziwa na baiskeli iliyofungwa karatasi mpaka kwenye kengele, anasema ni ya kwake, ameitumia. Nikamwambia, kwa ujanja nilioona ni mkubwa, "Kama umeitumia, nionyeshe dalili za matumizi." Yule bwana akachana karatasi, akapanda, akazunguka bohari, akapita kwenye dimbwi, akamgonga mbuzi wa karani, akarudi kwangu na matope usoni. "Dalili hizo, afande." Nilisimama na penseli yangu nikitafuta kifungu. Mzee Feruzi alipita, akatazama baiskeli, akatazama mbuzi, akaniambia nimtoze kama mpya na nikamwombe radhi karani.

Mara nyingine lilikuja furushi la nguo kuukuu, zile tulizoziita kafa ulaya. Nilikuwa nimeambiwa nihakikishe kweli zimevaliwa. Basi nikawa nachomoa shati moja moja, nanusa kwapa. Wachukuzi waliacha kazi wakaja kutazama. Mpaka leo kuna mzee mmoja pale stesheni, tukikutana hanisalimii kwa mdomo, ananusa tu.

Ndipo Mzee Feruzi akaniita kwenye benchi lake, akanipa chai, akanifundisha. "Kijana, unahangaika na sura. Sufuria yenye masizi bado ni sufuria. Inayong'aa na ina tundu chini, hiyo si sufuria tena. Usikitazame kitu usoni. Kiulize kazi yake."

Nilikubali kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kwa kweli nilichokichukua pale ni chai.

Miaka ikaenda. Nikawa mzoefu, na mzoefu asiyejijua ni msiba. Bohari ilikuwa na nyundo kubwa ya mafundi reli, mpini wa mninga, na kila kilichoandikwa chakavu nilikiamrishia nyundo hiyo: mabomba, mapipa, vitanda vya chuma, cherehani zilizopinda. Wachukuzi walipiga, mimi nilionyesha kwa penseli. Wakaniita Bwana Nyundo, nami nikaliona jina la heshima, ilhali sijawahi kuinua ile nyundo hata kuihamisha.

Likaja Azimio, na baada yake ukaja wakati wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Kule Goweko, vituo vichache ukielekea pwani, familia zilizokuwa zimetapakaa kwenye mashamba ya tumbaku zilikusanywa kijiji kimoja. Waliahidiwa kisima, shule na mashine ya kusaga. Kisima walipata. Shule walijenga wenyewe. Mashine wakaambiwa wangoje.

Wanawake wa Goweko hawakungoja. Kiongozi wao alikuwa Bi Nyamizi, mjane mmoja mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Walilima shamba lao la tumbaku, wakauza, na kupitia kijana wao aliyefanya kazi bandarini Kigoma wakapata injini ya dizeli iliyotolewa kwenye boti moja bovu ng'ambo ya ziwa. Makaratasi waliyapeleka kwa Kanji, mwenye duka la vipuri pale mjini, awashughulikie. Kanji hakuwa mtu mbaya. Alijua kibali cha mashine kutoka Dar es Salaam kingechukua mwaka, au kisingekuja kabisa, kwa hiyo akaandika: chuma chakavu. Alidhani amewasaidia.

Injini ikafika bohari kwangu, imefungwa kwenye magogo, nyeusi kwa mafuta, na nyuma yake mhimili mrefu wenye pangaboi la shaba, lile linalozunguka majini likasukuma boti. Nikaipapasa. Ilikuwa nzima. Nikasoma karatasi: chakavu. Nikasema, vizuri, chakavu inavunjwa.

Kanji alikuja mbio, jasho linamtoka. "Bwana, hii ya kina mama ya Goweko. Ya kusagia. Hapana vunja, tafadhali."

"Uliandika nini hapa?"

"Niliandika chakavu, lakini—"

"Basi."

Bi Nyamizi alikuja siku ya pili. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mla muhogo." Akaketi bila kukaribishwa. "Nimeambiwa unataka kuvunja mashine yangu."

Nikamweleza sheria. Nilimweleza vizuri, Mungu anisamehe, na vifungu vyake. Alinisikiliza, kisha akajaribu kuinua mkono wa kulia. Ukaishia usawa wa kifua.

"Unaona hapo? Hapo ndipo unapogota. Nimetwanga tangu sijaota matiti. Mama yangu alikufa bega lake hivihivi. Sasa mkwe wangu ameanza kulalamika bega, na ana watoto wadogo. Mimi sikuja kukulilia, Mzaramo. Nimekuja uone bega."

Niliona. Nilipata uchungu, nisiwadanganye. Lakini nilikuwa nimeshalisema neno mbele ya wachukuzi, na mtu mwenye cheo kidogo huona haya zaidi kurudi nyuma kuliko mwenye cheo kikubwa. Nikapanga siku, nikamtaka mwenye mali ahudhurie, kama sheria inavyotaka. Mzee Feruzi nilipomweleza alisema tu, "Wewe ndiye afisa wa chakavu," akaendelea na chai yake.

Siku ilipofika, treni ya kutoka Goweko ilishusha wanawake. Si mmoja, si watano. Waliingia bohari wamejitanda kanga vichwani, kimya, wakakaa chini wakanyoosha miguu kama walio msibani. Mmoja akaanza kulia kwa sauti ile ya matanga, wengine wakaitikia. "Ee mashine yetu! Umekufa hujatusagia hata kibaba!" Wachukuzi wakavua kofia. Hata karani wa mbuzi alikuja na sura ya huzuni.

Kisha Bi Nyamizi akapanda juu ya injini, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Mama, shuka," nikasema.

"Sishuki. Mtani amelala kaburini. Nipeni ninachotaka."

Nikamwita askari wa reli. Alikuja, akatazama, akashika tumbo akicheka. "Afande, huo ni utani. Sina kifungu nacho."

Mimi Mzaramo, mtoto wa Kisarawe, nimesimama na penseli, na mtani wangu amelala kaburini mbele ya hadhara. Sare ilinibana shingoni. Ningemwondoa kwa nguvu, hata baba yangu kule nyumbani asingenipa mkono. Ilibidi nifanye kile kinachofanywa na kila mwenye adabu yake.

"Haya, mtani. Unataka nini?"

Akainua kichwa. "Sheria yako siigombi. Avunjwe. Lakini msiba ni wetu, na Mnyamwezi anazikwa na mtani wake. Hawa wachukuzi ni wana wetu, ni wafiwa, hawaziki. Zika wewe. Kwa mkono wako. Pigo moja, kama mtu anavyotupa udongo."

Wachukuzi nao wakaweka nyundo chini palepale. "Kweli kabisa, Bwana Nyundo. Sisi tumefiwa."

Nikafikiri, pigo moja la nyundo ile linatosha kupasua hata jiwe. Nikakubali. Bi Nyamizi akashushwa. Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati, nikaishika nyundo. Ilikuwa nzito! Miaka yote ile nilikuwa naiamrisha bila kujua inakula nini. Nikalenga katikati ya injini, penye ubavu wa chuma, nikainua mpaka juu ya kichwa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nyundo ikishafika juu, haikuulizi tena unataka kwenda wapi. Ilinivuta pembeni. Nilijipinda, kaptula ikachanika nyuma, macho nikafumba, na nikasikia mlio kama kengele ya kanisa.

Nilipofumbua, injini ilikuwa palepale, haina hata mkwaruzo. Nilikuwa nimepiga pangaboi. Bawa moja limekatika na mhimili umepinda.

Kicheko kilichofuata sitakielezea. Nikashika kaptula kwa mkono mmoja, nikasema, "Narudia."

"Pigo moja!" wakapiga kelele wote.

Mzee Feruzi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Akaja polepole, akachuchumaa, akavaa miwani, akalipapasa lile bawa lililokatika.

"Nini hii?"

"Pangaboi, mzee."

"Mashine hii iliundwa ifanye kazi gani?"

"Kusukuma boti, mzee."

"Boti itakwenda?"

"Na hili? Haitakwenda."

"Basi imeharibika. Ipitishe."

"Lakini mzee, injini ni nzima! Inaweza kuzunguka, inaweza kusaga—"

"Kijana." Akasimama, magoti yakalia. "Sheria inasema isiweze kufanya kazi iliyoundwa kuifanya. Sijaona mahali inaposema ivunjwe mpaka wewe uridhike."

Niwaambie ukweli wangu: nilibishana. Nilibishana na mkubwa wangu, kaptula imechanika, mbele ya wanawake wa kijiji kizima, nikitetea haki yangu ya kuivunja vizuri zaidi. Niliposhindwa kwa maneno nilinuna. Na palepale Bi Nyamizi akavua kanga yake ya juu, akanifunga kiunoni kufunika mpasuko, akanipigapiga mgongoni kama mtoto.

"Mzishi mzuri," akasema. "Umezika mkia, ukatuachia ng'ombe."

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka machozi, na katika kucheka nikahisi kama gunia limeshushwa begani mwangu. Nilikuwa nimefurahi kushindwa. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kwa jambo nililolipata.

Mashine ilipelekwa Goweko kwa treni. Kwa kuwa ilizoea kupozwa na maji ya ziwa, waliiwekea pipa la maji pembeni, ikawa inakunywa kutoka humo. Lile pangaboi lenye pengo walilitundika kwenye mti mbele ya kibanda, wakawa wanaligonga kuwaita watu kusaga. Na kila msimu wa mahindi Bi Nyamizi alishuka mjini, anaingia ofisini bila kubisha hodi, anaweka kifurushi cha unga mezani juu ya makaratasi ya serikali. "Shika, muuaji wa boti." Akija kukuta nina wageni kutoka makao makuu, ndipo aliposema kwa sauti zaidi. Mzee Feruzi alipostaafu, kiti chake nilikikalia mimi, na bado Bi Nyamizi aliniita hivyohivyo.

Nilikuwa nakaribia kustaafu mwenyewe wachukuzi waliponijia asubuhi moja, hawacheki. Mmoja akasema, "Mtani wako ametutoka. Wanakungoja wewe."

Nilipanda treni na sare yangu. Goweko nilikuta watu wengi, na kimya ambacho kilinitatanisha mpaka nikakumbuka: mashine. Walikuwa wameizima kwa heshima ya msiba. Nilichimba kaburi na vijana wa kwao wakinisaidia, maana mikono yangu haikuwa imeboreka sana tangu siku ile ya nyundo. Lilipokuwa tayari, kabla maiti hajaletwa, nikavua viatu, nikashuka, nikalala.

Mwanawe mkubwa akaja ukingoni. Mkewe, yule aliyeanza kulalamika bega zamani zile, alisimama nyuma yake na mjukuu mgongoni. "Haya, mtani," mwanawe akasema. "Sema unachotaka. Kuku? Hela?"

Nilikuwa nimetunga utani wa kuwachekesha, nimeupanga njia nzima ndani ya treni. Ukanipotea. Nikabaki natazama mbingu ile ya mstatili, machozi yananitiririkia masikioni, mzee mzima.

"Washeni mashine," nikasema.

"Ni msiba, mtani."

"Najua. Sitoki mpaka iwake."

Wakanong'onezana. Kisha nikasikia miguu ikikimbia, na mtu akizungusha mkono wa kuwashia. Ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena. Sauti yake sikuisikia kwa masikio kwanza. Niliisikia kwa mgongo, ardhi ikitetemeka kidogo chini yangu.

"Toka basi, Mzaramo!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka juu. "Hilo si lako. Lako bado tunalipima!"

Wakacheka wote, wafiwa na wageni, nami nikanyoosha mikono wanivute.

Ndipo tukamleta Bi Nyamizi.